Kasha la picha tatu za nzi, na ile isiyo na nzi ndiyo iliyonikosesha usingizi

Nilinunua kasha hili kwa ajili ya diski ya kwanza. Zile mbili nyingine nilizihesabu kama nyongeza tu, maana najua picha za mwendelezo za pesa kiduchu zinavyokuwa: mtambo uleule, kinyago kilekile, na steringi ambaye jina lake unalisoma mara moja ukalisahau. Nimezimaliza zote tatu ndani ya siku tatu, kisha moja nikairudia. Niliyoirudia siyo ile niliyonunulia kasha.

Kuhusu kasha lenyewe sina mengi. Picha ni safi, sauti inasikika vizuri, kijitabu hakuna. Maandishi ya chini kwenye diski ya pili yanachelewa kama sekunde mbili, kwa hiyo mtu anapiga yowe, halafu ndipo unasoma alichosema kabla ya yowe. Diski ya tatu iligoma katikati. Nikaitoa, nikaifuta kwa kitambaa cha miwani, ikakubali. Waliotengeneza niliwaandikia kuhusu maandishi yale. Kimya mpaka leo.

The Fly ya 1958 wengi wanaijua hata kama hawajaiona. Bwana André Delambre wa Montreal amebuni mtambo unaovunja kitu chembechembe upande huu na kukiunda upya upande ule. Siku anapojiingiza mwenyewe, nzi naye yumo. Mtu anatoka na kichwa na mkono wa nzi, nzi anaruka na kichwa na mkono wa mtu. Watu husimulia mwisho wake, pale kwenye utando wa buibui. Mimi nasimulia kitambaa. Kwa muda mrefu kile kichwa hukioni kabisa: kimefunikwa kitambaa cheusi, André hawezi tena kusema, anachapa ujumbe kwa taipureta na kumjibu mkewe kwa kugonga, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Hofu yote imekaa kwenye kule kugonga. Kitambaa kinapovutwa, tunamwona mke kupitia macho ya nzi, nyuso zake zimejaa skrini nzima, zote zinapiga kelele. Halafu steringi anakufa! Sisi tuliolelewa na kanuni ya kwamba steringi hafi, lile linauma.

Kitambaa cheusi kinagharimu nini? Hilo lishike, maana ndilo nililowapimia hawa wengine.

Mwongozaji wa ile ya kwanza, Kurt Neumann, alifariki Agosti 1958, picha yake ikiwa bado mpya kwenye kumbi. Ya pili, Return of the Fly, ikatoka mwaka uliofuata chini ya Edward Bernds, mtu aliyekuwa ameongoza vichekesho vingi vya Three Stooges, wale wachekeshaji watatu wa Marekani. Rangi imeondolewa, ni nyeusi na nyeupe. Seti za picha ya kwanza zimetumika tena. Mwigizaji Vincent Price amerudi kama mjomba, hapana, baba mdogo François, na kila anapotokea picha inapanda daraja. Philippe, mwana wa André, yule mtoto wa juzi tu, sasa ni kijana wa kuoa. Mwaka mmoja huo! Lakini hayo nayasamehe, mtu hujikuna ajipatapo, na nyeusi na nyeupe imeifaa ile maabara kuliko rangi. Kuna vivuli ambavyo ya kwanza haikuwa navyo.

Nisichosamehe ni kichwa. Safari hii hakuna subira ya kitambaa. Wametengeneza kichwa cha nzi kikubwa kama pipa, wakakionesha bila haya, na yule bwana aliyekivaa anatembea kama mtu aliyebebeshwa mtungi akaambiwa usimwagike. Nilicheka, nikajiona mbaya, nikacheka tena. André alikuwa mume anayejificha kwa aibu. Mwanawe amegeuzwa kuwa zimwi linalowasaka maadui zake mmojammoja usiku. Na mwisho anaponywa. Steringi hafi, kanuni imerudi kazini.

Hata hivyo kuna tukio moja. Msaidizi wa Philippe ni mhalifu anayetaka kuiba michoro ya mtambo, na ili kumficha mpelelezi aliyemfuma, anamtupia ndani ya mtambo ambao ulikuwa umekwishapitishwa simbilisi, yule mnyama mdogo wa majaribio. Mpelelezi anatoka na miguu na mikono ya simbilisi. Kisha kamera inatuonesha simbilisi mwenyewe, mtulivu, amesimama juu ya viganja vya mtu. Vidole kabisa. Mhalifu anamtazama, anamkanyaga kwa kiatu. Nilisimamisha picha hapo nikaenda kuwasha taa. Hiyo ni sekunde chache tu, kazi ya vipande vya mpira na gundi, na inakipita kichwa kile kizima.

Kwa hiyo tatizo silo pesa. Nimeona picha nyingine za aina hii. Beware! The Blob ya 1972 ina bonge la utelezi lililogandishwa kule Aktiki mwishoni mwa The Blob yenyewe, ya 1958. Fundi wa bomba la mafuta anarudi nalo nyumbani kwenye kopo, likayeyuka sebuleni. Mwongozaji ni Larry Hagman, na alipokuja kupata umaarufu kwa kuigiza J.R. katika tamthilia ya televisheni ya Dallas, picha ikarudishwa sokoni mwaka 1982 ikinadiwa kwa jina hilo la J.R. Haina hofu hata chembe, wanataniana tu. Na The Creature Walks Among Us ya 1956, ya tatu katika mfululizo wa yule kiumbe wa ziwani, haikupewa hata ile teknolojia ya 3D waliyopewa wenzake wawili, lakini inamchoma kiumbe moto, inamwondolea mashavu ya samaki, inamvika nguo, na kumwacha akiyatazama maji ambayo hawezi tena kuyaishi. Hiyo ilinigusa.

Sasa ya tatu ya kasha. Curse of the Fly, 1965, imepigwa Uingereza na Don Sharp, nyeusi na nyeupe. Price hayupo. Nzi hayupo pia. Nilikaa namsubiri kama mtu anayesubiri basi lililofutwa, mpaka nikasahau kwamba nasubiri.

Inaanza na dirisha. Usiku, kioo kinapasuka polepole, vipande vinaelea kuelekea kwetu, na mwanamke mwenye nguo za ndani tu anatoka akikimbia gizani. Ametoroka hospitali ya wagonjwa wa akili. Anaokotwa barabarani na Martin Delambre, na baada ya siku chache tu wameoana. Mkwe wake, Henri, baba yake Martin, ameigizwa na Brian Donlevy, yuleyule aliyekuwa mwanasayansi Quatermass katika picha mbili za Uingereza miaka ya hamsini. Hapa anaonekana kachoka, ila uchovu unamfaa mtu anayejituma mwenyewe kwa mtambo kutoka London mpaka Quebec na kurudi.

Nyuma ya nyumba kuna mabanda ya farasi. Ndani yake wamefungiwa watu waliopitishwa kwenye mtambo wakatoka vibaya, na mmoja wao ni mke wa kwanza wa Martin. Mke mpya anasikia kinanda usiku, anaona uso ulioharibika, anapiga kelele, na familia inamwambia kwa upole kwamba ameota. Nani atamwamini aliyetoroka hospitali? Kinyago cha mke wa kwanza tunakiona kidogo sana, kwa mwanga hafifu. Ni kile kitambaa cheusi cha 1958, kimebadilishwa nguo tu.

Kasoro zipo, tena si ndogo. Ukoo wa Delambre hauingiliani na ule wa picha ya pili. Mhudumu wa Kichina ameigizwa na mwanamke Mzungu aliyepakwa vipodozi, jambo linalokera kila anapotokea. Katikati panalegea, na hapo ndipo diski yangu iligoma, labda nayo ilichoka.

Ukiwa unataka nzi, diski ya kwanza inakutosha. Ya pili itazame na watu wa kucheka nao. Mimi nilipomaliza ya tatu mara ya pili ilikuwa saa saba usiku, na jirani wa juu ana mtoto anayejifunza kinanda. Hakupiga usiku ule. Nilibaki nimekaa nikisikiliza kama atapiga.