Maegesho ya barabarani katikati ya Nairobi: kulipa ni rahisi, nafasi ndiyo kazi

Mimi ni fundi cherehani, na karibu kila wiki hunilazimu kufika Biashara Street, ile ambayo enzi za ukoloni iliitwa Bazaar Street, kununua bitana, zipu na majora ya kitambaa ambayo hayabebeki kwa mkono. Kwa hiyo huduma ya kuegesha gari kando ya barabara naitathmini nikiwa mtu anayeihitaji kwa dakika 40, au saa moja hivi foleni ya dukani ikiwa ndefu. Anayeacha gari tangu asubuhi hadi jioni huenda akaiona kwa jicho jingine kabisa.

Nianze na sifa, kwa sababu inastahili. Malipo yamerahisishwa kweli. Ada ya siku kwa gari dogo katikati ya jiji ni shilingi 300, nami huilipa kwa simu kabla sijazima injini: naandika nambari ya gari, nachagua eneo, naweka nambari ya siri ya M-Pesa, na ujumbe wa kuthibitisha unaingia. Hakuna karatasi ya kubandika kwenye kioo wala haja ya kutafuta chenji. Mhudumu anapopita huingiza nambari ya gari katika kifaa chake, akaona kuwa limelipiwa, akaendelea na safari yake. Wanaokumbuka siku za kumsubiri karani mwenye kitabu cha risiti wataelewa kwa nini nalithamini jambo hili. Ushauri wangu ni mmoja tu: isome nambari ya gari mara ya pili kabla ya kuthibitisha, kwa maana herufi moja ikikosewa umemlipia mwingine, na gari lako linabaki katika hatari ya kufungwa mnyororo.

Tatizo langu ni nafasi yenyewe. Jumanne moja niliingia mjini saa nne asubuhi, nikapita Muindi Mbingu Street, nikazunguka hadi Koinange Street, nikarudi Biashara Street, kisha nikaanza upya, na katika mizunguko yote mitatu magari niliyoyakuta yalikuwa yale yale. Moja, jeupe, lilikuwa na majani makavu ya jakaranda yaliyojikusanya juu ya vipangusio vya kioo, ishara kwamba halikuwa limesogezwa kwa saa kadhaa. Kijana aliyekuwa akielekeza madereva alinisogelea dirishani akaniambia kwa upole, "Mama, hawa walifika kabla ya saa moja. Hawatoki mpaka jioni." Nyuma yangu palikuwa na magari mengine manne yakitafuta kile kile nilichokitafuta, na matatu iliyokwama nyuma yetu ilikuwa na abiria ambao hawakuwa na haja yoyote ya maegesho.

Maneno ya kijana yule ndiyo kiini cha tathmini hii. Ada ni ya siku nzima, na haibadiliki hata ukikaa kwa dakika kumi. Sheria ya fedha ya kaunti ya mwaka 2013 ilipoipandisha kutoka shilingi 140 hadi 300, mjadala wote mjini ulikuwa juu ya ukubwa wa kiasi hicho, ilhali mimi naona jambo zito zaidi ni jinsi kinavyohesabiwa. Mwenye ofisi anayewahi alfajiri hulipa mara moja, akaimiliki nafasi iliyo mbele ya duka la mtu kwa saa kumi, na kila saa anayoongeza haimgharimu chochote. Mteja wa duka hilo, ambaye angenunua na kuondoka, hulipa kiasi kile kile, tena baada ya kuchoma mafuta akizunguka. Marehemu Profesa Donald Shoup wa Marekani, aliyetumia maisha yake ya usomi kuchunguza maegesho, alipendekeza bei ya kando ya barabara iwekwe kwa namna ambayo kila kipande cha mtaa kitabaki na nafasi moja au mbili tupu wakati wote. Biashara Street ingenufaika na wazo hilo kesho asubuhi, kwa ada ya saa iliyo nafuu saa ya kwanza na inayopanda kadiri mtu anavyokaa.

Sisemi nafasi ziongezwe. Barabara ni zile zile, na waendao kwa miguu, ambao ndio wengi katika jiji hili, tayari wamebanwa vya kutosha. Luthuli Avenue ilipogeuzwa mwaka 2019 kuwa ya kuelekea upande mmoja, njia za miguu zikapanuliwa, na leo mtu hutembea pale bila kupigana vikumbo na bodi za matatu. Ninachotaka ni kwamba nafasi chache zilizopo zizunguke mikononi mwa watu wengi.

Kwa hali ilivyo, naipa huduma hii nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za malipo. Ukiwa na kazi ya siku nzima mjini na unaweza kufika kabla ya saa moja, hutapata thamani bora kuliko hii. Ukiwa mnunuzi kama mimi, tafuta jengo la maegesho linalotoza kwa saa. Mimi sasa huacha gari katika jengo la namna hiyo, nikatembea dakika saba hadi dukani, na kumlipa mbeba mizigo anirudishie majora hadi garini. Hata nikijumlisha ujira wake, nimetumia muda mfupi kuliko ule wa kuzunguka.