Steshenari ya Kabwe kwa kazi za mahafali na sivii: majina ya shule wanayaweza, foleni ndo balaa

Walimu na wazazi wa kamati za mahafali mlioko Mbeya, kama mnahangaika vyeti na benna mtaprinti wapi, kuna steshenari ndogo pale Kabwe ukiwa unaelekea Mwanjelwa, kibao cha bluu kimeandikwa kopi, lamina, pasipoti saizi, basi, hamna jina lingine. Nawapa nyota nne kati ya tano na hiyo moja ntasema imeenda wapi.

Msimu ndo huu, la saba mtihani wao Septemba, fomu fo Novemba, kwa hiyo kuanzia Agosti kila shule inatafuta mtu wa kuiandikia jina lake kwa Kiingereza, kwenye benna, vyeti, kadi za mwaliko, tisheti, mpaka juu ya keki. Na hapo ndo vituko vinaanza. Mimi nafundisha Kiingereza so jicho langu linaenda kwenye kosa hata nisipotaka, unapita shule ina geti zuri, maua yamekatwa vizuri, afu ukutani kwa rangi ya mafuta Secondaly School, au Primary Schools wakati shule ni moja. Mwaka juzi shule niliyokuwepo ilipeleka kazi duka jingine mjini, silitaji, benna ikarudi asubuhi ya sherehe imeandikwa SECONDARY SHOOL, mgeni rasmi yuko njiani, mwalimu wa sanaa akakata C ya manila akaichomeka kati ya S na H, nafasi yenyewe hamna, kwenye picha zote ile C imeinama kama mtu aliyelewa ulanzi. Na pesa hawakurudisha, wakasema ndo tulivyowaandikia.

Sasa pale Kabwe anayetaipu ni dada mmoja hivi, mpole ila mbishi. Ukifika tu swali lake la kwanza, "Mwalimu, umekuja na karatasi yoyote ya shule yenyewe?" Ukimtajia jina kwa mdomo hataipu. Ukimtumia voisi WhatsApp hataipu, anataka picha ya letahedi au muhuri unaosomeka. Ana kaunta buku nene la kava gumu, kila shule aliyoihudumia amebandika kipande cha letahedi, chini yake mteja kaandika jina kwa mkono na kusaini, yaani likitoka kosa mnajua limetokea wapi. Ya kwetu ikamtatiza maana letahedi imeandikwa Secondary School kirefu na muhuri umeandikwa Sec. School. Nikamwambia dada andika yoyote tu. Akagoma, mpaka nikampigia mkuu wa shule palepale kaunta, mkuu akasema kirefu, ndo akaanza kutaipu. Watu nyuma yangu wananung'unika, yeye wala hana habari.

Kilichonifurahisha zaidi ni ile alama ya juu, apostrofi. Wengi wanaitupa, au wanaiweka popote inapoangukia. Mbele yangu kulikuwa na mama anamtengenezea binti yake sivii, binti kasoma Loleza, dada akataipu Loleza Girls' Secondary School, alama imekaa baada ya s. Mama akauliza, "Mwanangu, hicho kimkia hukitoi?" Akajibiwa, "Hapana mama, wasichana pale ni wengi, kikikaa kabla ya s itakuwa shule ya msichana mmoja." Nilitaka kumpigia makofi. Wanafunzi wangu nawaeleza hili kila mwaka na hawanielewi, afu mtu wa steshenari analisema kwa sentensi moja huku anatoa kopi.

Na wasifikiri ni ushamba wetu wa huku nyanda za juu, Waingereza wenyewe wanayo kesi hii. Cambridge kuna Queens' College, alama iko baada ya s kwa sababu malkia wawili ndo walihusika kuianzisha, Margaret of Anjou mwaka 1448 na baadaye Elizabeth Woodville. Oxford kuna The Queen's College ya mwaka 1341, hiyo alama iko kabla ya s kwa sababu malkia ni mmoja, Philippa. Ukikosea hapo barua yako ya kuomba nafasi inaonekana unaandikia chuo kingine kabisa. Afu kuna St Andrews kule Scotland, hiyo haina alama popote japo jina ni la mtakatifu mmoja tu, na Marekani kuna Johns Hopkins, ile s ya Johns haitoki hata uwe na haraka kiasi gani. Kwa hiyo kujua sarufi peke yake hakukuokoi, lazima uangalie wao wenyewe wanajiandikaje, na huyu dada ndo anachofanya. Hata nukta ya St hakisii, Waingereza wengi hawaiweki, Wamarekani wanaiweka, yeye anatazama karatasi ya shule husika basi.

Sivii za wazee nazo anazijulia. Kuna jamaa kaja na cheti cha zamani cha Mkwawa High School, pale Iringa. Sasa kuna maduka ukiwapa hicho wanajifanya wajuaji wanakuandikia Mkwawa University College of Education, kisa sasa hivi pale ni chuo. Ni kweli pale ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar tangu 2005, ila mzee wa watu alisoma haiskuli, na cheti kinasema haiskuli, mwajiri akilinganisha sivii na cheti ataona mtu kadanganya. Dada kaandika jina la kwenye cheti kama lilivyo, pembeni kaweka kwamba siku hizi ni MUCE. Hivyohivyo kwa waliosoma Mbeya Technical College kabla haijawa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya. Na chuo kikuu cha Teofilo Kisanji anakiandika kwa f moja tu, sio zile ph na th ambazo watu wanaongeza ili jina lionekane la kizungu.

Herufi kubwa nazo yuko sawa. Maduka mengi wanakwepa kwa kuandika kila kitu kwa herufi kubwa, na watu wamezoea kwa sababu matokeo ya NECTA, baraza la mitihani, yanatoka hivyohivyo. Ila kwenye barua huwezi. Pale utaona Iyunga Technical Secondary School kila neno limeanza na kubwa, na hilo Technical halirukwi, wala la Ifunda, halafu chini kwenye maelezo akiandika tu a secondary school in Mbeya inarudi ndogo maana hapo sio jina tena. University of Iringa ile of ni ndogo, Dar es Salaam ile es ni ndogo na hamna vistari katikati. Na ule msitari mwekundu wa kompyuta chini ya Tosamaganga haumbabaishi, nishaona vijana sehemu nyingine wanabonyeza kubali kubali, mtu anajikuta kasoma shule ambayo haipo duniani.

Haya, nyota moja imeenda wapi. Kwanza foleni, printa ya rangi ni moja na dada anayejua kazi ni mmoja, akienda kula kuna kijana anakaa pale ambaye yeye ni wa kopi tu, usimpe kitu kingine. Umeme ukikatika mnakaa wote mnatazamana, jenereta hamna. Bei iko juu kidogo, cheti cha karatasi ngumu ni buku jero wakati kwingine ni buku, sina ugomvi na hilo, ila benna wanataka ulipe yote kabla, nusu hawataki, na kwa mfuko wa shule hiyo ni shida kwa sababu mhasibu naye anataka kuona kazi kwanza.

Tisheti ndo wasiziguse kabisa. Hawachapi wao, wanapeleka kwa fundi Mwanjelwa, zile tulizoagiza huko nyuma jina letu lilitoka sawa hadi nukta ila saizi zilichanganywa, mapande ya watu ya fomu fo yakapewa za watoto, na rangi ya maandishi imeanza kubanduka baada ya kufuliwa mara chache. Tulilalamika, dada akasema ntaongea naye, mpaka leo kimya.

Jumapili hawafungui. Nendeni Jumatatu au Jumanne asubuhi mapema kabla wanachuo hawajajaa, mbebe letahedi yenye muhuri, na namba ya mkuu wa shule iwe hewani. Tisheti tafuteni kwingine, kama kuna mtu anamjua fundi mzuri wa Uyole au Soweto aniambie, za mwaka huu bado hatujaagiza.