Viraka kwa baruapepe au maombi ya kuunganisha: uchague kipi?
Linux bado hupokea viraka, yaani mabadiliko ya msimbo yaliyoandikwa kama maandishi, kwa baruapepe. Miradi mingi mingine imehamia GitHub au GitLab, tovuti za kuhifadhi msimbo ambako mchangiaji hutuma ombi la kuunganisha mabadiliko yake.

Kwa anayeanza, GitHub ni mteremko: akaunti, bonyeza, basi. Baruapepe inakutaka kwanza usanidi git send-email (amri ya Git ya kutuma viraka), na hapo ndipo wengi hukwama. Programu ya barua ikigeuza tabo kuwa nafasi au kukata mstari mrefu, git am (amri ya kuingiza kiraka kwenye msimbo) inakikataa kiraka katakata. Nimewahi kupoteza jioni nzima kwa tabo moja! Zana ya b4 imepunguza adha hiyo: inavuta mfululizo mzima wa viraka kwa amri moja, na unapotuma marekebisho inajiongezea yenyewe namba ya toleo.

Kwenye mapitio ya msimbo, mimi baruapepe hunivutia zaidi. Unajibu chini ya mstari wenyewe wa msimbo, hata ukiwa nje ya mtandao, na hakuna jukwaa moja la kutegemea. Majaribio ya kiotomatiki? Hapo GitHub inashinda bila jasho.

Kama wachangiaji wako wengi ni wapita njia, wafungulie GitHub. Kama ni wazoefu wanaotuma mifululizo mirefu, waachie baruapepe, ila waelekeze kwenye b4 mapema.