Chupa ya oksidi ya bati 15% kwa seli za perovskaiti: inafaa wapi, inakwama wapi

Ukitengeneza seli za jua za perovskaiti (fuwele inayofyonza mwanga na kutoa umeme) zenye muundo bapa, yaani kioo, tabaka la elektroni, perovskaiti, tabaka la mashimo (linalobeba chaji chanya) kisha metali, bidhaa ya kwanza tunayoshauri ununue ni oksidi ya bati iliyotawanywa kwenye maji kwa kiwango cha 15%. Inayojulikana zaidi maabarani ni ya Alfa Aesar, ambayo sasa iko chini ya Thermo Fisher Scientific. Umaarufu wake ulianza mwaka 2016, pale kundi la Jingbi You la Beijing lilipoitumia na kupata ufanisi uliothibitishwa wa 19.9%.

Ubora wake mkubwa ni kutohitaji joto kali. Oksidi ya titani iliyotangulia huhitaji tanuri la nyuzi 450 hadi 500. Hii hupashwa nyuzi 150 kwa dakika 30 kwenye hewa ya kawaida, kwa kuwa chembe zake ni fuwele tayari tangu chupani. Moto hufukuza maji na kuzishikanisha tu. Halafu haichochei uharibifu wa perovskaiti chini ya urujuanimno kama titani inavyofanya. Oksidi ya zinki nayo hukubali joto dogo, lakini uso wake huinyang'anya methilamoniamu (ayoni iliyomo kwenye perovskaiti) protoni, na ukipasha moto perovskaiti hugeuka njano. Hiyo iacheni.

Makosa mengi huanzia kwenye kuzimua. Kiwango cha kundi la You ni 2.67%, na hizo ni asilimia za uzito. Pima gramu 1 ya mtawanyo, ongeza gramu 4.6 za maji yaliyoondolewa ayoni. Ukitumia pipeti, mililita 1 kwa mililita 4.6, utapata karibu 3%, kwa sababu mililita moja ya mtawanyo ina uzito wa takriban gramu 1.15. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila hunenepesha tabaka na hufanya matokeo ya maabara mbili yasilinganike. Tumieni mizani.

Kisha chuja. Chujio la PTFE (teflon) la kawaida halipendi maji na halitapitisha kitu. Chukua la PES (plastiki inayopitisha maji) la maikromita 0.22 au 0.45. Kioo cha ITO (kilichopakwa oksidi ya indi na bati inayopitisha umeme) kikishaoshwa, kiweke chini ya taa ya urujuanimno yenye ozoni kwa dakika 15 na umwagie mtawanyo papo hapo. Ukichelewa, uso huanza tena kukataa maji na tabaka hujikusanya katikati. Funika kioo chote kwa kimiminika kabla ya kuzungusha, halafu mizunguko 3,000 kwa dakika kwa sekunde 30. Futa ukingo wa mguso wa umeme kwa pamba yenye maji kabla ya kupasha moto, maana ikishakauka kwa nyuzi 150 haitoki kirahisi. Kioo kikipoa, kirudishe kwenye ozoni dakika 10 ndipo uweke perovskaiti.

Michirizi yenye umbo la mkia ni dalili ya vumbi au chembe zilizogandamana. Chembe hizi hutawanyika kwa msaada wa hidroksidi ya potasiamu, hivyo mtu akiongeza asidi au chumvi nyingi bila mpango, mtawanyo huganda kama uji na hakuna kuurudisha. Potasiamu hiyo hiyo ina faida: hutuliza kasoro mpakani na kupunguza tofauti ya grafu ya mkondo na volteji kati ya kupima kwa kwenda na kupima kwa kurudi. Kwa hiyo hatuoni sababu ya kuhangaika kuiosha.

Udhaifu halisi uko kwenye kioo cha FTO (kilichopakwa oksidi ya bati yenye florini). Uso wake una vilima, na tabaka la nanomita 25 hadi 30 huacha vilele wazi. Perovskaiti ikigusa FTO moja kwa moja, volteji hushuka. Kuongeza unene si dawa, kwani ukinzani hupanda na kipengele cha ujazo (fill factor, kipimo cha ubora wa seli) huanguka. Kwa FTO tunapendelea kuotesha oksidi ya bati kwenye bafu la kemikali: kloridi ya bati, urea, asidi hidrokloriki na asidi thioglikoli kidogo, nyuzi 90 kwa saa kadhaa. Njia hiyo hufuata kila kilima, na mwaka 2021 ilitoa seli yenye ufanisi uliothibitishwa wa 25.2%. Ina kazi nyingi, na asidi thioglikoli inanuka vibaya, kwa hiyo fanyia ndani ya kabati la kuvuta hewa.

Usiinunue kwa muundo uliogeuzwa, ambako tabaka la elektroni hukaa juu ya perovskaiti, kwa kuwa maji yataiharibu papo hapo. Huko oksidi ya bati huwekwa kwa mvuke, safu moja ya atomi baada ya nyingine, juu ya C60 (molekuli za kaboni zenye umbo la mpira). Upande wa chini, tabaka la mashimo ni oksidi ya nikeli, nayo ina shida yake: nikeli ya hali ya 3+ humenyuka na perovskaiti, hivyo uifunike kwa tabaka la molekuli kama Me-4PACz.

Kwa ITO na muundo wa kawaida, tunaipa alama za juu bila kusita. Ihifadhi mahali pa baridi lakini kamwe usiigandishe: barafu husukuma chembe pamoja, na ikishayeyuka utaona mashapo ambayo hata mawimbi ya sauti hayatayatawanya vizuri. Uliyozimua tayarisha ya kutosha siku hiyo tu.