Kitabu kisichojifunga: vitabu vya upigaji picha kwa aliyelazwa nyumbani

Mwezi wa tatu nilianguka na bodaboda nikiteremka kutoka Kibuli hapa Kampala, mtulinga wa kushoto ukavunjika. Mkono ukafungwa shingoni kwa kitambaa, nikaambiwa wiki sita bila kubeba kitu. Kwa mtu anayekula kwa kupiga picha za harusi na kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba nyumbani, wiki sita ni pesa nyingi zinazopita dirishani huku unaziangalia. Nikajiambia basi, angalau nitasoma. Miaka tisa nimepiga picha kwa kuiga na kubahatisha, na maswali niliyoyaahirisha yalikuwa yamerundikana.

Nikamtuma mdogo wangu mjini na Sh 180,000. Alirudi na kitabu kikubwa, jalada gumu, picha za kukufanya unyamaze. Usiku ule ule nilikichukia.

Kilikuwa hakikai wazi. Nakifungua ukurasa wa sitini, naondoa mkono nichukue kikombe cha chai, pap, kimejifunga. Nikikizuia kwa kidole gumba, kidole kinaziba picha. Nikakiegemeza kwenye mto, kikateleza na kuniangukia kwenye mtulinga uleule. Kulikuwa na picha moja iliyotandazwa kurasa mbili, mvuvi ndani ya mtumbwi alfajiri, na mvuvi mwenyewe alikuwa amemezwa na bonde la katikati. Nilikuwa naona kasia upande huu na nyavu upande ule. Mpwa wangu wa miaka minane ndiye aliyekuwa mkono wangu wa pili. Alikaa ukingoni mwa kitanda akikandamiza kurasa kwa viganja viwili, na kila baada ya dakika moja anauliza, "Shangazi, nigeuze?" Siku ya tatu wenzake walimwita kwenye mpira, akaenda, nami nikabaki na kitabu cha Sh 180,000 ambacho siwezi kukisoma.

Nilipolisimulia jambo hili niligundua siko peke yangu. Dada mmoja wa Arua, aliyejifungua kwa upasuaji, aliniambia kitabu chake kizito hakikuwa na pa kukaa, kwa sababu juu ya tumbo hapagusiki. Mwingine wa Mbarara, mwenye mguu kwenye plasta, alifungua chake kwa nguvu hadi kurasa kumi na mbili zikatoka mzimamzima.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia kitabu kipi kinafaa kamera gani, wala kipi kina picha nyingi. Hayo utayapata kila mahali. Mimi nazungumzia mgongo wa kitabu, kitu ambacho hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia.

Kitabu hufungwa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kushonwa: karatasi kubwa zinakunjwa kuwa vijitabu vidogo, mara nyingi vya kurasa 16, kila kimoja kinapitishwa uzi katikati, kisha vyote vinaunganishwa. Ya pili ni gundi: mikunjo inakatwa, kila karatasi inabaki peke yake, na zote zinashikwa na gundi tu. Cha kushonwa kinalala, cha gundi kinapigana nawe. Na msidanganywe na jalada gumu, kwa maana nilidanganywa mimi. Jalada gumu linaweza kufunika mgongo wa gundi kabisa, na ndivyo kilivyokuwa changu.

Namna ya kutambua: kishike kitabu kilichofungwa, kitazame kutoka juu, pale kurasa zinapokutana na mgongo. Ukiona vifungu vidogo vya mviringo vimepangana kama matuta ya viazi, kimeshonwa. Ukiona ukingo ulionyooka kama mkate uliokatwa kwa kisu, ni gundi. Kisha fungua katikati ya kifungu kimoja utafute uzi. Mwisho, kifungue katikati juu ya meza, ondoa mikono, hesabu hadi kumi. Kikijifunga, kirudishe.

Sasa mpangilio wangu, kwa mtu wa mkono mmoja.

Cha kwanza: vile vidogo vya Photo Poche na Photofile

Sifichi upendeleo wangu. Photo Poche ni mfululizo wa Kifaransa ulioanzishwa na Robert Delpire mwaka 1982, na Thames & Hudson wa London wanatoa mwenzake wa Kiingereza kwa jina la Photofile. Kila kitabu kinahusu mpiga picha mmoja. Ukubwa wake ni kama sentimita 19 kwa 12 na nusu, unakishika kwa mkono mmoja kama unavyoshika simu, na kikikuangukia kifuani huamki. Kwa sehemu kubwa picha moja inakaa ukurasa mmoja, kwa hiyo lile bonde la katikati halina cha kumeza.

Anza na Seydou Keïta. Maneno ni ya Kifaransa, usijali, hukununua maneno. Huyu alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, akapiga watu uani kwa mwanga wa mchana, mara nyingi picha moja tu kwa mteja, maana filamu ilikuwa ghali. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Nililala na kitabu hicho wiki mbili nikitazama mikono ya watu wake. Hakuna mkono unaoning'inia. Mmoja umeshika ua, mwingine uko begani kwa rafiki, mwingine umelala juu ya redio. Na mabega: mteja hakai akiitazama kamera kifua mbele kama anapigiwa picha ya pasipoti, anageuzwa kidogo, kisha uso unarudi. Mimi ninarudi nyumbani na picha 2,000 za harusi moja, na bibi harusi katika zote mikono haijui iende wapi.

Kisha mchukue Sebastião Salgado. Kabla ya kamera alikuwa mchumi wa Shirika la Kimataifa la Kahawa huko London, akisafiri Afrika kwa kazi hiyo, na ndiyo safari zilizomgeuza kuwa mpiga picha. Kwetu sisi tunaoishi katikati ya kahawa, macho yake juu ya watu wa kazi za mikono yana mengi ya kufundisha.

Cha pili: "Light: Science and Magic"

Cha Fil Hunter, Steven Biver na Paul Fuqua, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1990 na kimerudiwa mara kadhaa. Hiki hakikufundishi kamera, kinakufundisha mwanga unafanya nini ukigonga kitu. Kwa nini mshipi wa gomesi ya hariri unatoa doa jeupe, kwa nini miwani ya mzee inaonyesha taa badala ya macho, kwa nini shavu lenye jasho linang'aa. Jibu lao linazunguka jambo moja: kitu chenye uso laini kama kioo kinarudisha mwanga kwa pembe ileile uliyoingilia, kwa hiyo kuna eneo maalumu ambalo taa ikikaa humo utaona mng'ao, na ikitoka nje yake huoni. Basi unasogeza taa au unasogea wewe. Nimelipa mafundi wa kuhariri picha miaka yote kufuta madoa ambayo hatua mbili za kando zingeyazuia.

Na somo hilo nililijaribu palepale kitandani. Karatasi ya vitabu vingi vya picha inang'aa, na mtu aliyelala chali ana balbu juu ya kichwa chake hasa, kwa hiyo ukurasa unageuka kioo. Nilihamisha taa ya mezani ikawa usawa wa bega langu la kulia, ule weupe ukatoka juu ya picha mara moja.

Nakala yangu ni ya gundi, nami sikuivumilia. Niliipeleka Nasser Road, mtaa wa wachapaji, fundi akakata mgongo kwa mashine, akatoboa matundu, akatia waya wa mviringo kwa Sh 15,000. Sasa inalala kama daftari la shule, nageuza ukurasa kwa kidole kimoja. Kitabu hiki kinakubali operesheni hiyo kwa sababu kimejaa michoro na picha ndogo. Usifanye hivyo kwa kitabu cha picha zinazovuka kurasa mbili, kwa maana kisu kinakula milimita kadhaa za katikati, na uso wa mtu unaweza kuwa humo.

Cha tatu: "The Negative" cha Ansel Adams

Ni cha pili katika vitabu vitatu: cha kamera kilitoka 1980, hiki 1981, na cha kusafisha picha 1983. Ni cha enzi ya filamu, ruka kurasa za dawa za kusafishia. Unachokitafuta ni kanda zake, yaani ngazi za weusi na weupe wa picha, kutoka Sifuri ambayo ni nyeusi kabisa hadi ya Kumi ambayo ni nyeupe tupu. Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui unapiga nini, kinataka kila kitu kiwe Kanda ya Tano, kijivu cha katikati. Adams anaiweka ngozi nyeusi hapo kwenye ya Tano, na ngozi ya Mzungu juani kwenye ya Sita.

Nilifunga kitabu nikafikiria mabwana harusi wangu wote. Bwana harusi wa kwetu anasimama na kanzu nyeupe. Kamera inapima kanzu, inaishusha iwe kijivu, na uso unashuka pamoja nayo hadi macho yanapotea. Ningepima uso, au ningepima kanzu na kuipandisha hadi Kanda ya Nane mahali pake, uso ungekuja wenyewe. Kwa miaka tisa nimekuwa nikiwaambia wateja kwamba tatizo ni jua.

Lakini nunua nakala halisi, na hapa lazima niseme kitu. Kuna watu mjini wanauza vitabu vya picha vilivyotolewa kopi, wanavivalisha jalada zuri la rangi, na wanakutoza karibu bei ya kitabu chenyewe. Riwaya ya kopi utaisoma. Kitabu hiki ukikitoa kopi umekiua, kwa sababu Kanda ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu zote zinakuwa weusi mmoja, na tofauti kati yao ndiyo somo lenyewe. Niliwahi kuuziwa kimoja cha namna hiyo. Niliporudi, mwenye duka akaniambia maandishi si yanasomeka?

Wengine wanakifunga kitabu kwa nailoni na kukwambia ukiifungua umeshanunua. Shati unalijaribu, viatu unavivaa, hata embe unalibonyeza. Kitabu cha Sh 180,000 kwa nini nisikifungue? Ile nailoni hailindi kitabu, inamlinda muuzaji asiulizwe kuhusu mgongo. Mimi sasa nikikataliwa kufungua naondoka, na nawaomba nanyi muondoke, maana tukivumilia ndivyo tutakavyouziwa siku zote.

Na wanaoagiza kutoka nje, kumbukeni usafiri wa ndege unatozwa kwa kilo. Kitabu kikubwa cha mapambo unakilipia uzito mara mbili, kwanza kwa msafirishaji, halafu kwa mbavu zako.

Cha nne na cha tano

"Understanding Exposure" cha Bryan Peterson ni kizuri kwa anayeanza. Kimetoka toka 1990, toleo la nne ni la 2016. Kinaeleza vizuri jinsi tundu la lenzi, kasi ya shata (muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) vinavyobadilishana, na kwamba mwanga sahihi unaweza kupatikana kwa njia nyingi lakini picha unayoitaka iko kwenye njia moja. Kama umeshafanya kazi miaka kadhaa, utakimaliza kwa siku mbili. "The Photographer's Eye" cha Michael Freeman, cha 2007, ni cha mpangilio wa vitu ndani ya picha, chenye michoro juu ya picha zenyewe. Ningekipandisha daraja kama ningekuwa na mikono miwili.

Vya bei rahisi: faili za simu zinazouzwa kwa WhatsApp. Kioo cha simu ni kidogo, na mwenye kitabu hapati kitu. Nimemaliza.

Vya kwetu visubiri mkono upone. Kuna "The Unseen Archive of Idi Amin" cha Derek Peterson na Richard Vokes, kilichotoka 2021, picha za wapiga picha wa serikali zilizotoka kwenye hazina ya negativu za UBC, shirika la utangazaji la Uganda. Baadhi tuliziona Uganda Museum pale Kamwokya kwenye maonyesho ya 2019. Pia kuna mfululizo wa "Ebifananyi", yaani "picha" kwa Kiganda, wa Andrea Stultiens na wenzake, ambao kitabu chake cha kwanza ni cha mpiga picha Deo Kyakulagira. Hivi nataka kuvisoma nimekaa mezani, mikono miwili, mchana.

Kama bado huwezi kutoka, huyo unayemtuma dukani mwambie akupigie simu akiwa mbele ya kitabu. Mdogo wangu alipokwenda mara ya pili nilisikia kila kitu: muuzaji akilalamika kwamba atavunja mgongo, naye akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Ilipofika saba nikasikia kurasa zinajipiga. Nikamwambia kiache, nenda duka la pili.