Nililipia mbegu za kilimo hai, nikapewa zilizopakwa dawa

Mnisamehe, naandika bado nina hasira. Nina mizinga minne ya nyuki wadogo, wale wasiouma, nyuma ya nyumba hapa Arusha. Kabla ya masika nilitaka kuwazungushia maua: alizeti, giligilani, mrehani, kivumbasi. Nikaenda duka moja la pembejeo linalojitangaza kwa mbegu za kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia dawa za viwandani. Bei karibu mara mbili ya kwingine. Nikalipa, maana ni kwa ajili ya nyuki.

Nafika nyumbani, nafungua pakiti ya alizeti: mbegu zote za pinki! Nikazimimina kiganjani, rangi ikabaki vidoleni. Mkulima yeyote anajua rangi ile huwekwa ili mtu asije akala mbegu yenye dawa. Nikageuza pakiti, kwa maandishi madogo mno: imidacloprid, dawa ya kuua wadudu. Dawa hiyohiyo Umoja wa Ulaya uliizuia mashambani mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Na haiishii kwenye mbegu. Mmea unaifyonza, inapanda nao hadi kwenye chavua na mbochi, yale maji matamu ya maua. Yaani ningewapandia nyuki wangu sumu kwa mkono wangu mwenyewe, wakaibeba mpaka kwa watoto wao mzingani.

Nikarudi. Kijana wa kaunta hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mama, kilimo hai ni mbolea tu, mbegu lazima iwe na dawa." Namwonyesha pakiti, ananijibu, "Kama huitaki iache, wenzako wananunua." Mbele za watu! Umri wangu ni wa mama yake. Hela sikurudishiwa.

Lakini haki ya mtu nisiidhulumu. Uani mwa duka hilohilo kuna mama anayetunza kitalu, samadi na majivu tu. Miche ya mrehani na kivumbasi aliyonichagulia imeshika yote. Sasa ina maua, na jua likichomoza tu nyuki wamejaa hadi matawi yanatikisika. Kwa ajili yake nilitaka kuwaambia nendeni, pitieni mlango wa uani.

Ila hapana. Hela ya ile miche nayo inalipwa kwa kijana yuleyule. Msiende.

Alizeti nimepewa na jirani, mbegu za shambani kwake, zenye mistari myeupe na myeusi. Zimeshaota. Ile pakiti ya pinki nimeifunga kwenye mfuko, iko juu ya kabati, kuku wasiifikie.