Bunduki za Mti za Igizo la Lugalo: Tathmini ya Karakana ya Useremala Mjini Iringa

Mwezi wa Machi mwaka huu nilikabidhiwa vifaa vya igizo la vita vya Lugalo, ambalo kikundi chetu cha vijana hapa Iringa kilikusudia kulionyesha tarehe 17 Agosti, siku ambayo mwaka 1891 wapiganaji wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliuangamiza msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski. Mikuki na ngao hazikutusumbua, kwa kuwa wapo wazee wanaozitengeneza vizuri. Kazi ilikuwa kwenye bunduki. Tulihitaji 12, za mti mtupu, zisizoweza kufyatua kitu chochote, lakini zenye umbo la bunduki waliyobeba askari wa Mjerumani wakati ule. Tathmini hii ni ya karakana iliyotukerezea na kutuchongea vipande vyake, ambavyo tuliviunganisha wenyewe barazani kwangu, na ninaiandika kwa ajili ya walimu na viongozi wa vikundi vya sanaa watakaohitaji huduma ya namna hii.

Inafaa nieleze kwanza kwa nini tulitafuta fundi wa vipimo badala ya kuchukua vipande vya mbao na kuvikata kwa msumeno, kama tulivyofanya miaka iliyopita. Bunduki zetu za zamani zilikuwa na magazini, yaani kisanduku cha risasi, iliyopinda tumboni. Mzee mmoja aliyewahi kulitumikia Jeshi la Wananchi alitazama mazoezi yetu, akamwita kijana mmoja, akaishika ile mbao na kusema kwa upole, "Hii ni SMG, mwanangu. Mjerumani wa wakati ule angeipata wapi?" Alikuwa na haki kabisa, maana SMG, yaani bunduki aina ya AK-47, ilibuniwa zaidi ya nusu karne baada ya Lugalo. Tangu siku hiyo sikuweza tena kulitazama igizo letu kwa amani.

Bunduki ya askari wale ilikuwa Mauser ya modeli ya 1871, kazi ya ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, kutoka Oberndorf nchini Ujerumani. Ile ya askari wa miguu ina urefu wa takriban sentimita 135 na uzito wa karibu kilo 4.5, na ipo nyingine fupi kidogo ya jamii hiyo hiyo, yenye sentimita 124 hivi. Risasi yake ni nene, ya milimita 11, na baruti yake ni nyeusi yenye moshi mwingi. Kubwa kuliko yote, haina magazini: askari huweka risasi moja kwa mkono, hufyatua, hufungua, hutoa ganda, kisha huanza upya. Ujerumani yenyewe ilipata bunduki ya baruti isiyo na moshi mwaka 1888, lakini huku kwetu ile ya 1871 iliendelea kutumika, na hata vita vilipoanza Agosti 1914 kombania nyingi za askari bado zilikuwa nayo.

Mtu asiyeijua bunduki hiyo haielewi Lugalo. Msafara ulikuwa umejinyoosha njiani, wapagazi na askari wakifuatana mmoja mmoja, na Wahehe walipotoka vichakani wakikimbia na mikuki, askari wengi walipata nafasi ya kufyatua mara moja au mbili tu. Zelewski mwenyewe aliuawa kwa mkuki. Kijana anayeigiza akiwa na SMG ya mbao huzungusha mtutu huku na huko kama mtu anayemwaga maji, na mtazamaji hubaki akijiuliza Wahehe walishindaje. Mpe bunduki ya risasi moja, na swali hilo halitaulizwa.

Kabla ya kufika kwenye karakana ninayoisifu, nilipita kwa fundi mwingine ambaye simtaji. Yeye alipendekeza mtutu uwe wa bomba la chuma ili, kwa maneno yake, bunduki iwe na uzito wa kweli. Nilikataa papo hapo na kuondoka. Kitu chenye bomba na kitako kimeshaanza kufanana na gobore, na kutengeneza silaha bila kibali ni kosa ambalo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hailifumbii macho. Mbali na sheria, mimi ni mlezi wa watoto wa watu. Kifaa cha jukwaani hakipaswi kuwa na tundu lolote linaloweza kumpa mjinga wazo.

Karakana niliyoichagua iko upande wa Ipogolo, si mbali na barabara kuu iendayo Mbeya. Nilipoingia na kusalimu "kamwene", mwenye karakana, mzee wa makamo mwenye penseli sikioni, aliitikia na kuendelea kupiga randa hadi alipomaliza ubao wake, ndipo akanikaribisha kigodani. Nilimwonyesha mchoro wenye vipimo nilivyovikusanya vitabuni. Aliutazama muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo hakuna fundi mwingine aliyewahi kuniuliza: "Mwalimu, huyu askari anaishika wapi anapokimbia?" Nilimwambia sijui. Akachukua ufito wa sentimita 135, akanipa nikimbie nao uani, naye akaweka alama ya penseli mahali mkono wangu wa kushoto ulipokaa. Mahali hapo ndipo alipopunguza unene wa mti katika bunduki zote 12.

Tulikubaliana shilingi 38,000 kwa seti moja ya vipande, yaani shilingi 456,000 kwa zote, nusu ikilipwa mwanzoni. Kwa seti moja tulipata mti mmoja mrefu unaoanzia kitako hadi mkono wa mbele, mtutu wa mti mzima uliokerezwa kwenye mashine, bolti ya mti (komeo la kufungua na kufunga mahali pa risasi) yenye mpini wake, kikingio cha kifyatulio, pete za bati za kubana mtutu na mti, pamoja na skrubu zake. Mkanda tulinunua wenyewe kwa fundi viatu. Mdomo wa mtutu haukutobolewa hata kidogo. Ni duara jeusi la rangi tu, na ukiukaribia unaona nyuzi za mti zikipita katikati yake.

Kuhusu mbao, fundi alinishauri vizuri. Bunduki ya asili ilitengenezwa kwa mti wa jozi wa Ulaya, ambao rangi yake ya kahawia inakaribiana na ya mninga, hivyo kitako na mkono wake vilitoka kwenye mninga, na risiti ya mbao hizo alinionyesha bila kuombwa. Kwa mitutu, ambayo ingepakwa rangi nyeusi, alitumia paini ya Sao Hill kule Mufindi, iliyo nyepesi na inayokubali kukerezwa kwa urahisi. Bolti aliichonga kwa mkongo kwa sababu inasuguliwa kila mara, na paini ingelika ndani ya wiki moja.

Bolti hiyo ndiyo sehemu iliyonifanya niandike tathmini hii. Katika Mauser ya 1871 mpini wa bolti umenyooka, umetokeza upande wa kulia. Askari huuinua juu, huuvuta nyuma, huweka risasi, huusukuma mbele, huulaza tena. Fundi alichimba mfereji juu ya mti, akakata njia ya mpini yenye umbo la herufi L, akaisugua kwa msasa na kuipaka mshumaa. Ukiushika mpini unainuka kwa ulaini, unateleza nyuma kama upana wa kiganja, kisha unagota kwa mlio mkavu wa mti juu ya mti. Mlio huo hatukuuagiza. Mazoezini, vijana 12 walipofungua bolti kwa pamoja, uwanja mzima ulinyamaza, na kijana aliyekuwa akiigiza mpiganaji wa Kihehe aliniambia baadaye kwamba aliusikia akiwa bado amejificha nyuma ya kichaka na mwili wake ukasisimka. Tulipima pia kwa saa ya simu: kijana ambaye hajazoea huchukua sekunde sita au saba kutoka mlio mmoja hadi mwingine. Sekunde saba kwa mtu mwenye mkuki anayekimbia ni mwendo mrefu sana, na mwelekezi wetu alilipanga upya tukio zima la shambulio kwa kufuata hesabu hiyo.

Kuunganisha kulituchukua Jumamosi mbili. Vijana walisugua mti kwa msasa namba 120 na baadaye 240, wakapaka mafuta ya linsidi kwa kitambaa, wakaviacha vikauke usiku mzima ndani ya nyumba kwa kuwa baridi ya Juni hapa kwetu haikaushi kitu barazani. Mtutu hukaa kwenye mfereji wake kwa gundi ya mbao, pete zikafuata, kikingio cha kifyatulio kikafungwa kwa skrubu mbili. Fundi alikuwa ametoboa matundu ya skrubu tayari, na katika seti kumi yalikutana sawasawa.

Seti mbili zilizobaki ndizo zinazonilazimu kutaja kasoro. Mitutu yake ilikuwa imepinda. Ukiilaza mezani, katikati panapita kidole. Paini ile haikuwa imekauka vya kutosha ilipokerezwa, na fundi alikiri mwenyewe kwamba aliharakisha kwa sababu mzigo ulikuwa umeshachelewa siku tisa. Kuchelewa huko ni kasoro ya pili, tena kubwa kwa kikundi chenye tarehe isiyosogezwa, na sikupigiwa simu hata siku moja hadi nilipokwenda mwenyewe. Alitengeneza mitutu mipya miwili bila malipo, akaileta kwa bodaboda, nami nikaridhika. Hata hivyo yeyote atakayeagiza hapo aombe kuziona mbao kabla hazijakatwa, na aweke akiba ya wiki mbili mbele ya siku yake.

Rangi nyeusi ya mitutu nayo ilitoka. Baada ya mazoezi ya kwanza viganja vya vijana wote vilikuwa vyeusi, na nguo zao za kahawia, tulizoshonesha kwa gharama, zilipata madoa yasiyotoka. Tulisugua upya tukapaka rangi ya mafuta pamoja na vanishi isiyong'aa, gharama ambayo ilipaswa kuwa ya karakana. Nilipomweleza, alisema rangi hakuihesabu kuwa kazi yake, yeye ni seremala. Sikukubaliana naye, kwa kuwa bei tuliyopatana ilijumuisha rangi.

Jambo la uzito linahitaji maelezo kidogo. Bunduki yetu ikikamilika ina kilo mbili hivi, chini ya nusu ya ile ya asili. Fundi alijaribu kusaidia kwa kuzika kipande cha chuma chakavu ndani ya kitako cha ile ya kwanza, lakini uzito wote ulikwenda nyuma, na kijana aliyeibeba begani ilimponyoka mara mbili na kuanguka. Tukakiondoa. Ningeshauri kikundi kingine kiache bunduki iwe nyepesi na kiwafundishe waigizaji kubeba kitu chepesi kana kwamba ni kizito, ambayo ni sehemu ya sanaa ya jukwaa hata hivyo. Sisi tuliazima nondo moja, kila kijana akatembea nayo begani kutoka kwangu hadi barabarani na kurudi, kisha akapewa ya mti. Mabega yalikumbuka.

Kwa upande wa usalama, tulipeleka barua polisi na kwa mtendaji wa kata tukieleza igizo, tarehe na idadi ya vifaa, na tulizisafirisha zikiwa zimefungwa ndani ya turubai. Kundi la vijana wenye nguo za kiaskari na vitu vinavyofanana na bunduki, wakishuka kwenye Hiace stendi, linaweza kumtisha mama yeyote anayeuza ndizi, na hatukutaka mtu akimbie kwa ajili yetu. Karakana nayo ilichoma kwa chuma cha moto maneno "ya maigizo" chini ya kila kitako, wazo la fundi mwenyewe, na sikutozwa kwa hilo.

Nikilinganisha na fedha tulizotoa, karakana hii naipa sifa ya juu kwa uchongaji, ya kati kwa rangi, na ya chini kwa kutunza ahadi ya siku. Nitarudi. Tayari nimeacha oda ya singe sita za mti zenye ncha butu, za kupachikwa mbele ya mtutu, na safari hii mbao tumezichagua pamoja, tukazipanga darini kwake zikiwa zimetenganishwa kwa fito ili upepo upite, na hatakata hata moja kabla sijafika.